Walioacha pombe Bujumbura wakutane wapi?

Anayetaka kuacha pombe Bujumbura anapambana na mji mzima. Posa, msiba, mauzo ya kiwanja, pongezi ya cheo, hata ugomvi uliopatanishwa, vyote huishia kabare, mbele ya chupa na brosheti. Ukisema "leo sinywi", utaulizwa kama unameza dawa au umemkasirikia mwenyeji. Ndiyo maana nia ya mtu mmoja, hata ikiwa ya dhati, hushindwa upesi. Anayeacha anahitaji mahali pengine pa kukaa jioni, na watu wengine wa kukaa nao.

Ajipime kwanza. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lililotokana na utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwemo. Linahesabu vinywaji vyenye takriban gramu 10 za alkoholi halisi, na hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya. Chupa kubwa ya bia ya Primus ina sentilita 72; kwa nguvu ya asilimia 5, hizo ni gramu zipatazo 28. Anayesema "nakunywa mbili tu" amekunywa karibu vinywaji 6 kwa kikao kimoja, na dodoso lina swali zima kuhusu kiasi hicho. Pombe za kienyeji kama urwagwa, impeke na kanyanga ni ngumu zaidi kuzipima, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kwa kila mpishi. Ukipata alama 8, punguza na utafute ushauri. Ukifika 20, muone mtaalamu.

Kuna kazi ambayo kikundi cha walioacha hakiwezi kuifanya. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kwa degedege, kisha akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua, na ina dawa. Bujumbura mlango unaojulikana ni kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, CNPK, cha watawa wa Frères de la Charité. Najua jina la Kamenge linatia watu aibu, na wapo wanaoona afadhali kufungiwa chumbani na ndugu zao. Aibu hiyo isimzuie mtu kutibiwa.

Mwili ukishatulia, ndipo kikundi kinaanza kazi yake. Alcooliques Anonymes, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha, ilizaliwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alikuwa safarini, biashara imemharibikia, na kiu imemshika. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Walikuwa wawili tu. Sharti la kujiunga mpaka leo ni moja: uwe unataka kuacha. Hatua 12 za kuacha, alizoziandika Wilson baadaye, zimefika hata Zanzibar, ambako nyumba za sober zinazitumia kwa Kiswahili kuwasaidia walioacha heroini.

Mkutano wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Viti vimepangwa duara, pengine kuna chai. Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, wengine wanamsalimu kwa jina hilo. Anaeleza jinsi alivyopokea mshahara Ijumaa na kuzunguka barabara nzima ili asipite mbele ya kabare lake. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemhubiria. Akimaliza, anasema mwingine. Mgeni anaweza kunyamaza saa nzima. Kikapu cha mchango kinapita na asiye nacho hatoi. Yaliyosemwa hubaki hapo. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti 27 na watu zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba njia hii ilisaidia watu kuacha kabisa kwa kiwango sawa au kuzidi tiba nyingine za mazungumzo.

Basi uliza Kamenge, kwa muuguzi au mshauri, na parokiani: walioacha hukutana wapi? Ukikosa kundi karibu nawe, ipo mikutano ya intaneti kwa Kifaransa na Kiingereza. Ukichagua ya Ubelgiji, kiangazi cha Ulaya saa ya Brussels ni ile ile ya Bujumbura. Majira yao ya baridi tunawatangulia kwa saa moja. Mkutano wao wa jioni unakukuta umetoka kazini, saa ile ile kabare linapojaa. Au mtafute mmoja aliyeacha, mkae wawili kila wiki siku na saa isiyobadilika. Wanaojua vikundi vya kuweka na kukopa wanajua kwamba ni siku isiyobadilika inayoshikilia watu.

Namfikiria zaidi mnywaji wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, ambaye hujificha mara mbili: kwa familia na kwa msikiti. Hatajitokeza mahali atakapoonekana na kutajwa. Kwa hiyo nawaomba maimamu, mapadri, wachungaji na wakuu wa mitaa: toeni chumba kimoja, saa moja kwa wiki, bila bango mlangoni na bila daftari la majina, na muwaachie ufunguo walioacha wenyewe.