Kiua: Tundu Lililogeuka Ua

Katika pwani ya Kwale, kuanzia Diani hadi Bodo, kofia ya viua ni vazi la heshima. Makala haya yanafafanua utarizi wake. Kitambaa cheupe hukatwa vipande viwili: duara la utosini na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa, vitundu hutobolewa, kisha ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano usifumuke. Hicho ndicho kiua, yaani ua dogo. Hatimaye vipande huunganishwa, kofia ikafuliwa na kutiwa kanji ili isimame. Kazi hii ya majuma kadhaa sasa hushindana na mashine. Fundi akiiweka sindano chini, msamiati wake nao hufifia. Hivyo basi, yatupasa wanafunzi wa Kiswahili tuukusanye mapema kutoka vinywani mwa mafundi wenyewe.