Shimo limejaa maji: je, injini kubwa itasaidia?
Mvua zikijaza mashimo ya almasi hapa Maganzo, wazo la kwanza ni kuuza pampu ya nguvu za farasi 5 na kununua ya 13. Subiri kwanza, msikilizaji. Pampu iliyo juu huondoa hewa ndani ya mpira tu. Kinachopandisha maji ni mgandamizo wa hewa ya nje, na huo huishia kama mita 7, hata ufunge injini ya trekta. Nguvu za ziada husukuma maji mbali zaidi yakishapita pampu.

Maji yakiwa chini zaidi, tafuta pampu ya umeme inayozamishwa. Usishushe injini ya petroli shimoni: moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Mwenzako akianguka humo usimfuate, ita waokoaji.