Mbio ni sekunde 15, lakini safari yammaliza dereva

JE, msomaji, umewahi kukaa Kiserian Jumapili asubuhi, kikombe cha chai mkononi, halafu ukausikia ule mlio? Si matatu ya 126, maana hizo umezizoea pamoja na muziki wake. Huu ni mlio wa gari dogo lenye ekzosi kubwa kuliko linavyostahili, linapanda kuelekea Kona Baridi, na kabla hujakiweka kikombe mezani limekwisha potea. Mzee jirani atatikisa kichwa aseme, "Watoto wa siku hizi!" Kijana wako naye atakimbilia dirishani na kukutajia aina ya gari, mwaka lilipoundwa na nguvu za injini yake, ingawa jana tu alishindwa kukutajia mito mitatu ya Kenya.

Leo nataka tuzungumze juu ya vijana hao, na juu ya mfuko wao, ambao huenda ikawa ndio mfuko wako wewe mzazi.

Mchezo wenyewe wanauita dragi. Magari mawili hupangwa sambamba mwanzo wa barabara iliyonyooka, taa huwaka, na kila dereva hukanyaga mafuta mpaka mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona wala mzunguko. Anayefika kwanza ameshinda, na wawili wengine huitwa. Wamarekani waliupa mchezo huu chama chao, NHRA, mwaka 1951, hasa ili kuwaondoa vijana wa California katika barabara za mitaani. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia.

Sisi tumezoea mbio za namna nyingine. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na wazee wa Kajiado wanakumbuka magari yakipita Orien na Il Bisil huku vumbi likifunika ng'ombe na wachungaji wao. Wanamkumbuka Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, na Patrick Njiru aliyemaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Subaru. Nadhani huyo Njiru ndiye aliyewatia vijana wetu wazimu wa Subaru, ingawa wengi wanaoziendesha leo walikuwa hawajazaliwa. Kuna langalanga, neno ambalo msomaji wa kurasa za michezo halimpigi chenga, na ambalo latukumbusha Langa Langa karibu na Gilgil, palipokuwa na uwanja wa mbio za magari enzi za wakoloni. Kisha kuna mashindano ya watu wa ridhaa: Kiamburing TT kule Kiambu, ambapo gari hupanda mlima peke yake likishindana na saa, na mbio za uwanjani kama zile za Whistling Morans upande wa Athi River.

Hao wa ridhaa ndio ninaowasemea. Hawana mfadhili. Gari linalokwenda mashindanoni Jumapili ndilo linalompeleka mtu kazini Jumatatu, na mama hospitali Jumanne.

Sasa hebu chukua kalamu tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akiona gari likinguruma hivyo hudhani petroli yote inateketea uwanjani. La hasha! Injini ya lita mbili yenye tabo, hata ikikanyagwa mpaka sakafuni, kwa sekunde 15 hainywi hata nusu lita. Mpe dereva mbio kumi kwa siku, ongeza kupasha injini moto, kusubiri foleni na kurudi polepole mwanzo wa barabara, na bado utakuta lita kumi hivi zimetosha. (Simzungumzii yule Mmarekani wa daraja la Top Fuel, ambaye gari lake halinywi petroli bali nitromitheni, na kwa mkimbio mmoja linamaliza zaidi ya lita 40. Huyo ana matajiri nyuma yake.)

Kinachomla kijana wa Kiserian ni safari. Tuseme mashindano yako Nakuru. Kutoka Kiserian mpaka Nakuru na kurudi ni kama kilomita 360. Gari la aina hiyo likienda kilomita nane kwa lita, basi lita 45 zimekwisha barabarani kabla ya kuhesabu hata mbio moja. Mwezi Machi 2021 lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 122.81, kwa hiyo safari hiyo ilihitaji shilingi 5,526. Mwezi Novemba 2023 lita ilikuwa shilingi 217.36. Safari ni ile ile, gari ni lile lile, lakini ikawa shilingi 9,781. Tofauti ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa siku moja, na hujanunua chapati, hujalipa ada ya kuingia, wala tairi halijapasuka.

Bei haikupanda kwa siku moja. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya, na katika miaka hiyo wenye magari waliingoja tarehe hiyo kama mtoto anavyongoja matokeo ya mtihani. Septemba 2022 serikali mpya iliondoa ruzuku ya petroli, bei ikaruka hadi shilingi 179.30. Julai 2023 kodi ya VAT juu ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, tukagonga 195. Shilingi yetu nayo ilikuwa ikidhoofika mbele ya dola, na mafuta hununuliwa kwa dola, basi kufikia Oktoba ikawa 217. Baadaye bei ilishuka: Oktoba 2024 ilikuwa 180.66. Lakini, ndugu msomaji, kushuka huko hakukuturudisha tulikotoka. Tena tangu Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ulitolewa shilingi 18 ukawekwa 25 kwa kila lita. Kijana anayesifu barabara laini ajue kwamba anailipia kila anapofungua mfuniko wa tangi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nyanda za chini hawalijui. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati Magadi, safari ya saa moja na ushei kutoka Kiserian, iko mita kama 600 tu. Injini isiyo na tabo ikiwa juu namna hii hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu haipati pumzi. Ndiyo maana vijana hutafuta magari yenye tabo, ambayo hujisukumia hewa yenyewe. Lakini tabo hunywa. Tena magari mengi ya namna hiyo yaliundwa Japani kwa petroli yenye okteni ya juu, na ukiyapa ya kawaida huku umeyafungulia nguvu, injini huanza kugonga ndani kama fundi wa bati wa jua kali. Basi mwenye gari hununua petroli ya bei ghali zaidi, au asipoinunua, hununua injini. Sijui ni lipi lenye uchungu.

Na si dereva peke yake. Mchezo huu hauna raha bila watazamaji, na watazamaji wake wengi ni wanafunzi wa vyuo. Mwanafunzi wa Rongai anayetaka kufika Athi River hupanda matatu hadi mjini, kisha nyingine ya barabara ya Mombasa, kisha bodaboda, na jioni arudie yote hayo. Petroli ikipanda, makanga hamwombi radhi.

Watu wa nje nao wamewahi kubanwa. Wakati wa uhaba wa mafuta wa mwaka 1974, Wamarekani walipunguza mbio zao mashuhuri za Daytona 500 kwa asilimia kumi, zikawa maili 450. Walipunguza mbio. Kijana wetu hawezi kupunguza mita 402, na hata akizipunguza hatakuwa ameokoa kitu, kwa kuwa gharama iko Naivasha na Gilgil njiani.

Basi hufanyaje? Wenye busara husafiri pamoja: gari moja la mbio, mafundi na marafiki ndani yake, kila mmoja akichangia petroli. Wengine huendesha polepole kwenda na kurudi, na hiyo si hadithi. Gari likienda kilomita 120 kwa saa badala ya 80, upinzani wa hewa huwa zaidi ya mara mbili. Huchekesha kidogo kuona gari la kishindo likipitwa na lori la mboga pale Rironi, lakini dereva wake anajua anachokifanya. Wengine wamechagua shindano moja au mawili kwa mwaka na kuyaacha mengine.

Kuna wa mwisho, na hawa ndio walionifanya niandike. Hawa hupiga hesabu kama tuliyopiga, wakaona shilingi 10,000 ni nyingi, kisha wakageuza macho. Mbele ya mlango kuna barabara ya Kiserian kwenda Isinya, ile wenyeji wanayoiita Pipeline, yenye vipande virefu vilivyonyooka, na bei yake ni lita mbili tu. Usiku magari ni machache. Nani atajua?

Barabara hiyo, mzazi mwenzangu, unaifahamu. Punda wa maji huivuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Mbuzi hulala kando ya lami kwa sababu ya joto lake. Bodaboda isiyo na taa hutoka Olooloitikosh ikiwa na mama na mtoto. Gari linalomaliza robo maili likiwa na kilomita 150 kwa saa linahitaji nafasi kubwa sana ya kusimama, na uwanjani nafasi hiyo huachwa wazi makusudi, na gari la wagonjwa husubiri pembeni. Sheria ya Trafiki haimruhusu mtu wa gari dogo kupita kilomita 110 hata katika barabara kuu. Tena chukua karatasi ya bima ya gari lako uisome yale maandishi madogo: bima ya kawaida ya gari la kibinafsi haifidii gari lililoharibika katika mbio. Kama gari limeandikishwa kwa jina lako, hasara ni yako.

Kwa hiyo kijana akija Ijumaa jioni, mpole kupita kawaida, amekuoshea hata gari, akakuomba hela ya petroli, usikimbilie kukataa. Muulize anakwenda kukimbia wapi. Akisema Nakuru au Athi River, kaa naye mpige hesabu ya lita, kisha mwone nani mwingine wa mtaa anayekwenda huko ili wachange. Akikuomba hela ya lita mbili tu, na saa imekwisha fika tatu usiku, mwambie aketi, umwongezee chai.