Maumivu ya neva na dosie ya ulemavu kule Marekani

Rafiki mmoja tuliyesoma naye, sasa iko Marekani, aliniandikia usiku: «Wamenikatalia. Wanasema naweza kufanya kazi.» Alivunjika mkono kwenye depo alikokuwa anabeba makartoni. Mfupa ulipona, maumivu yakabaki. Hata shuka ikimgusa tu, anaruka. Munganga wake aliita ugonjwa huo CRPS, ule wa neva uliokuwa unaitwa RSD. Nilisoma sheria zao, nikaona kosa liko kwenye dosie, hapana kwenye mkono. Na wengi wetu tuna bandugu kule wanaotutumia makaratasi tuwasaidie kuelewa, njo maana naandika.

Kuna milango miwili. SSI ni ya mtu mwenye mali kidogo sana, na kwa asiye raia masharti ni makali. SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa mshahara kwa ajili ya Social Security. Hapo wanahesabu kredi: mwaka 2025, kila dola 1,810 ulizopata kwa kazi ilikuwa kredi moja, na hazipite 4 kwa mwaka. Mwenye miaka 31 kwenda juu anahitaji angalau 20 ndani ya miaka 10 ya mwisho. Lakini aliyelemaa kabla ya kufikisha 24, zinamtosha 6 ndani ya miaka 3. Kijana asikate tamaa mbele ya kuhesabu.

Ugonjwa lazima udumu miezi 12, ao utazamiwe kudumu hivyo.

Sasa shida yenyewe. Maneno ya mgonjwa peke yake hayatoshi, lazima munganga aone dalili na aziandike. Kwa CRPS kuna mwongozo wa mwaka 2003, SSR 03-2p. Unataja kuvimba, ngozi kubadilika rangi ao joto, jasho lisilo la kawaida, kucha na nywele kukua vibaya, mfupa kudhoofika. Na mwongozo wenyewe unakubali kwamba dalili hizo zinakuja na kwenda: leo mkono ni mwekundu na umevimba, kesho uko kama wako wewe unayesoma. Hawadai zionekane kila siku. Wanadai zipatikane zimeandikwa wakati fulani tangu ugonjwa uanze.

Rafiki yangu alikuwa anaenda kwa munganga siku za nafuu tu, juu siku mbaya hawezi kushika usukani. Kumbe dosie nzima ilijaa siku nzuri! Tena sisi tumelelewa na heshima. Munganga akiuliza «uko aje?», tunajibu «niko muzuri, Mungu anasaidia». Yeye anaandika: mgonjwa yuko vizuri. Neno hilo unakutana nalo tena mbele ya juji.

Halafu kuna fomu ya maisha ya kila siku. Iliuliza kama anapika. Akajibu ndiyo, basi. Ukweli ni kwamba anapasha wali wa jana kwa mkono mmoja, kisha analala saa mbili. Hiyo njo ya kuandika: unafanya nini, kwa muda gani, na baadaye inakuwa aje. Usizidishe, juu watalinganisha na karatasi za hospitali. Na kama Kiingereza ni kigumu, Social Security inatoa mkalimani bila kulipa. Usimpe mtoto wa miaka 10 kazi hiyo.

Ukikataliwa una siku 60 za kuomba waangalie upya, wakikataa tena unaomba juji. Wengi wanatupa barua na kuanza ombi jipya mwaka unaofuata, ni kupoteza muda na pengine franga za miezi iliyopita. Avoka wa kesi hizi kwa kawaida analipwa ukishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, na kwa mkataba wa kawaida, mwaka 2025 haikupita dola 9,200. Hata ukishinda, SSDI hailipe miezi 5 mizima ya kwanza ya ulemavu.

Rafiki yangu alituma rufaa siku ya 41. Siku hizi mkono ukivimba anaupiga picha, tarehe ionekane, kisha anaomba munganga aiweke kwenye dosie. Bado anangojea jibu.