KOMPYUTA YA GEMU: TUNUNUE SASA AU TUSUBIRI KIZAZI KIPYA?

Fedha ya kakao haina subira. Mkulima wa Kyela anakumbuka jinsi bei ya zao hilo katika soko la dunia ilivyovuka dola 10,000 za Marekani kwa tani mwezi Machi 2024, kisha dola 12,000 mwezi Desemba mwaka huo huo, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Na anakumbuka vilevile jinsi ilivyoporomoka katika mwaka 2025. Kwa hiyo msimu unapokuwa mzuri, mambo yote ya nyumba hujadiliwa kwa mkupuo mmoja: mabati, ada ya shule, pikipiki, miche mipya ya shambani. Na siku hizi, katika nyumba yenye kijana aliye chuoni au aliyemaliza kidato cha sita, huongezeka jambo moja ambalo babu yake hakulijua: kompyuta mpakato yenye kadi ya michoro ya kuchezea gemu.

Ajabu ni kwamba mara nyingi yule anayeiomba ndiye anayesema isinunuliwe bado. "Baba, tusubiri kidogo, kizazi kipya kinakuja." Baba, ambaye anajua vyema kwamba fedha hiyo haitalala kabatini mpaka kizazi hicho kifike, hushindwa kutambua kama mwanawe ni mwerevu au anamzungusha. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya baba huyo, na kwa ajili ya mama, ambaye aghalabu ndiye mwenye ufunguo wa kabati lenyewe.

KADI HIYO NI KITU GANI?

Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, ambayo yaweza kufananishwa na fundi mmoja hodari anayejua kazi nyingi. Kadi ya michoro ni jambo jingine. Hiyo ni kama kundi la watu walioalikwa kupandikiza mpunga: kila mmoja kazi yake ni ndogo na ni ile ile, lakini wakiingia majini kwa pamoja, jaruba zima humalizika kabla jua halijawa kali. Kioo cha kawaida cha kompyuta kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600, na gemu inayokwenda vizuri hutaka nukta zote hizo zipakwe rangi upya mara 60 katika kila sekunde. Ni zaidi ya nukta milioni 124 kwa sekunde moja. Fundi mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi. "Wapandaji" hao wa kadi huitwa viini, na leo huhesabiwa kwa maelfu.

(Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kijana wa Ipinda anayebishana leo juu ya idadi ya viini huenda hajapata kuisikia habari hiyo, na si vibaya akaambiwa.)

Yafaa pia ieleweke kwamba kadi hiyo si ya mchezo tu. Ndiyo inayoharakisha kazi ya kukata na kuunganisha video ya harusi na kipaimara, na ndiyo inayobeba programu za kuchora vitu vyenye umbo kamili, kama ile ya Blender ambayo hutolewa bure. Hivyo mzazi asione aibu kuuliza: kijana wangu, ukiacha gemu, chombo hiki kitafanya nini tena? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina lolote lililobandikwa kwenye kasha.

KUHESABU JANUARI

Msemo wa "kizazi kipya kinakuja" hautoki hewani. Kampuni ya NVIDIA ya Marekani, ambayo kadi zake ndizo zinazoonekana kwa wingi katika kompyuta mpakato za gemu, ilitangaza kizazi cha RTX 20 cha kompyuta hizo Januari 2019, cha 30 Januari 2021, cha 40 Januari 2023, na cha 50 Januari 2025. Vijana wameushika mfululizo huo kama wavuvi wa Matema wanavyoishika miandamo ya mwezi, nao huhesabu kwa vidole. Washindani wapo: Intel ilileta kadi zake za Arc za kompyuta mpakato mwaka 2022, na AMD, mwenye Radeon, Januari 2025 alitangaza chipu zinazounganisha prosesa na michoro yenye nguvu mahali pamoja. Lakini mabishano ya vijana wetu, kwa hakika, ni juu ya namba za NVIDIA.

Sasa tutazame namba hizo. Kadi ya RTX 3060 ya kompyuta mpakato ina viini 3,840 na kumbukumbu ya gigabaiti 6. Iliyoifuata, RTX 4060, ina viini 3,072 tu, lakini ni vya kasi zaidi na vinatumia umeme kwa uangalifu zaidi, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 8. RTX 5060 ina viini 3,328 na gigabaiti 8 zile zile, ingawa za aina mpya yenye kasi. Panda ngazi moja: RTX 4070 ya mpakato ina viini 4,608 na gigabaiti 8; RTX 5070 ya mpakato ina viini 4,608 na gigabaiti 8. Msomaji hajakosea kusoma. Idadi ni ile ile. Yuko kijana aliyesubiri miaka miwili ili apate tofauti hiyo.

Mtego mwingine umo katika jina. RTX 5070 ya kompyuta ya mezani ina viini 6,144 na gigabaiti 12, lakini ile ya mpakato, yenye jina lile lile, ni ndogo kama tulivyoona. Kwa kadi kubwa tofauti huwa ya kutisha: RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384, ya mpakato 9,728. Mwenye duka anayemwonyesha mteja sifa za kadi ya mezani huku akimuuzia mpakato huenda hadanganyi kwa makusudi, lakini mteja amekwisha kupotea.

Na yapo maneno ya jukwaani. Januari 2025 mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, alitangaza kwamba kadi mpya ya 5070 ya mezani ingetoa kazi sawa na ile ya 4090. Maneno hayo yalitegemea ufundi wa kubuni picha: kadi huchora picha ya kweli, kisha akili unde hukisia picha za kujazia katikati. Kizazi cha 40 kilijazia picha moja. Kizazi cha 50 kilitangazwa kikiweza kujazia hadi tatu. Jicho hufurahi, kwani picha 25 za kweli zaweza kuonekana kama 100. Kidole hakifurahi, kwa sababu mchezo unaitika kwa mwendo wa zile 25. Kwa gemu ya mpira au ya kulenga shabaha, kijana atalihisi hilo siku ya kwanza. Kwa fundi wa video, picha hizo za kubuni hazimsaidii kumaliza kazi ya mteja.

JOTO LA BONDENI

Hapa ndipo Kyela inapotofautiana na matangazo ya Marekani. Kadi moja, kwa jina lile lile, hutengenezwa ili ile umeme kwa viwango tofauti kadiri mwenye kiwanda cha kompyuta anavyotaka. RTX 4060 ya mpakato yaruhusiwa kuwekwa popote kati ya wati 35 na wati 115. RTX 5060 kati ya 45 na 100. Kompyuta mbili dukani, zote zimeandikwa 4060, moja nyembamba ya kuvutia, nyingine nene kama Biblia ya mezani: ile nene yaweza kuiacha nyembamba mbali sana, na hata kuishinda nyembamba ya kizazi kinachofuata. Zamani neno "Max-Q" liliwatambulisha wanunuzi kadi iliyopunguzwa nguvu. Tangu mwaka 2021 halimlazimishi tena mtu kutambua hivyo, na sasa lazima zitafutwe wati zenyewe katika maelezo ya mtengenezaji.

Kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto, na joto hilo hupokewa na hewa ya chumbani. Mji wa Mbeya uko juu, kwenye mita karibu 1,700, na hewa yake ni ya sweta. Ufuko wa Ziwa Nyasa uko chini, karibu mita 475, na hewa yake ni ya kanga moja. Kompyuta iliyojaribiwa Mbeya asubuhi ya baridi, ikishuka Tukuyu na kufika Kyela, hukuta chumba chenye joto zaidi kwa nyuzi nyingi, na chipu yake hupanda karibu kwa nyuzi hizo hizo. Ikikaribia nyuzi 90 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Hapo kizazi kipya na cha zamani hutembea pamoja.

Umeme nao una neno lake. Betri za mpakato kwa kawaida hazizidi watisaa 99, kwa sababu ya masharti ya ndege. Chombo kinachokula wati 150 kingeimaliza betri hiyo kwa dakika 40, na ndiyo maana umeme ukikatika kadi hujibana mpaka gemu inakuwa kama picha za mnato. Kwa nyumba za ufukoni zinazotegemea paneli ndogo ya jua, chaja ya wati 230 ni mzigo usiobebeka. Mzazi wa huko, kwa maoni ya mwandishi, atafute kadi ya wati chache, asijali kizazi.

Basi tusubiri? Zamani jibu lilikuwa jepesi: kizazi kipya kikitoka, cha zamani hushuka bei. Lakini mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani, kwa kuwa vituo vya akili unde vilizinyakua kwa wingi, na anayesubiri kushuka kwa bei aweza kukuta imepanda. Kijana ambaye tayari ana wateja wa video anapoteza fedha kila mwezi wa kusubiri; huyo anunuliwe, na kumbukumbu ya kadi isipungue gigabaiti 8. Kijana ambaye hana kazi nayo bado aweza kusubiri hata vizazi viwili, na kakao ikaezeka nyumba.

Kwa mtumba, tahadhari ni kubwa zaidi. Kadi za GTX 10, zilizotoka mwaka 2016, zilikoma kupata marekebisho mapya ya gemu Oktoba 2025. Zimebakiziwa ya usalama tu. GTX 1650 bado inahudumiwa, ingawa gigabaiti zake 4 hazitoshi gemu nyingi mpya.

Katika mnada wa Jumamosi wa Lyulilo, kule Matema, mnunuzi wa chungu cha Wakisi hukigonga kwa kidole asikie mlio kabla hajatoa senti. Kompyuta nayo igongwe namna yake: mwombe muuzaji aiwashe gemu nzito kwa nusu saa, ikiwa kwenye chaja, feni ya dukani imezimwa. Tazama kama mwendo wa dakika ya 30 ni sawa na wa dakika ya 5. Kisha igeuze, uone kama matundu ya chini yamezibwa na vumbi na kama skrubu zake hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, maana wingu la kungu likitoka ziwani usiku na kuufuata mwanga, feni hiyo itahitaji brashi.