Kuku wa Jioni Wilayani Same (Sehemu ya Pili): Tununue Kazi, Ladha Tuipike Wenyewe

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi kuku, aliyekuwa kitoweo cha mgeni na sikukuu, alivyogeuka kuwa kitu cha kununuliwa sokoni siku yoyote ya juma. Leo tuingie jikoni, tena jioni, maana huko ndiko mambo yanakobana. Mzazi anayefunga duka mjini Same jua likizama, au mwalimu anayeshuka garini Makanya au Hedaru wakati huohuo, anataka chakula kiwe mezani kabla watoto hawajasinzia juu ya madaftari. Wafanyabiashara wamelitambua hitaji hilo, ndiyo maana rafu za maduka zimejaa vitu vya kufupisha mapishi. Hoja yangu ni kwamba vitu hivyo si vya aina moja. Vipo vinavyouza kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine: kuku aliyenyonyolewa na kusafishwa, njegere zilizomenywa, nyanya iliyosagwa, maharage yaliyochemshwa, chapati iliyosukumwa. Vipo pia vinavyouza ladha: vidonge vya mchuzi, viungo vya pakiti, tangawizi ya chupa. Vya aina ya kwanza nasema vinunuliwe bila kuona haya. Vya aina ya pili, kwa sehemu kubwa, ni fedha iliyopotea, na inapotea zaidi katika wilaya inayolima tangawizi kama Same.

Kwanza tujue muda unakwenda wapi. Kuku wa kienyeji aliyetembea uwanjani miezi minane au zaidi ana kolajeni iliyokomaa, yaani protini ngumu inayoshikilia misuli, ambayo nyuzi zake hufungamana zaidi kadiri mnyama anavyokua. Kolajeni hailainishwi na moto mkali. Inahitaji maji, joto na subira. Ndiyo sababu jogoo hukaa motoni saa moja na nusu hadi mbili, ilhali kuku wa kisasa aliyechinjwa akiwa na wiki tano au sita huiva kwa dakika 30 au 40. Mlimani tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kila unapopanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Katika kijiji kilicho mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na viko vya namna hiyo katika Milima ya Upare, sufuria iliyo wazi haiwezi kupita nyuzi 95 hata kuni zikiongezwa mara mbili. Mama wa Chome akisema maharage yake hayaivi upesi kama ya ndugu yake aliyeolewa tambarare, anasema jambo la kweli kabisa kisayansi. Presha kuka huondoa tatizo hilo kwa kupandisha joto hadi kati ya nyuzi 115 na 120. Kama ningeulizwa kitu kimoja cha dukani kinachostahili kudunduliziwa na familia ya mlimani, ningetaja sufuria hiyo kabla ya pakiti yoyote.

Kabla ya mapishi yenyewe kuna kazi ambayo wanaume wengi hawaihesabu: kuchinja, kuchemsha maji, kunyonyoa, kubabua, kutumbua na kuosha. Kazi hiyo hula karibu saa nzima na ndoo kadhaa za maji. Same mjini ilihesabu ndoo kwa miaka mingi, hadi mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu ulipozinduliwa mwaka 2025. Anayenunua kuku aliyekwisha kusafishwa amenunua saa hiyo, amenunua maji hayo na kuni za kuyachemshia. Sharti ni moja, amkague. Kuku wa friza ambaye mfuko wake umejaa chembe za barafu kwa ndani huenda umeme ulikatika akayeyuka, kisha akagandishwa upya. Huyo aachwe.

Hapa msomaji atasema kuku wa kisasa amekuzwa kwa homoni. Maneno hayo yameenea, na yanastahili kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walichapisha matokeo ya kufuga pamoja, kwa chakula kilekile, kuku wa koo tatu: ukoo uliohifadhiwa tangu mwaka 1957, mwingine wa mwaka 1978, na wa tatu wa mwaka 2005. Walipofikisha siku 56, wale wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, wa tatu gramu 4,202. Chakula kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni uzao uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi. Homoni ya ukuaji yenyewe ni protini, na ikichanganywa kwenye pumba humeng'enywa tumboni mwa kuku kama protini nyingine. Wasiwasi wenye msingi ni juu ya antibiotiki. Kila dawa ya aina hiyo ina siku za kusubiri kabla kuku hajachinjwa, na mfugaji mwenye haraka anaweza kuziruka. Katika mji mdogo mnunuzi ana nafasi ambayo mkazi wa Dar es Salaam hana: mfugaji anajulikana kwa jina na banda lake linaonekana. Aulizwe lini kuku wake walipewa dawa mara ya mwisho.

Lawama ya pili, kwamba kuku huyu hana ladha, naikubali. Amechinjwa mchanga na hakutembea, kwa hiyo nyama yake ni laini lakini haina ukolevu wa kienyeji. Hapo ndipo pakiti inapoingia, maana mpishi huona upungufu na kuujaza kwa kidonge. Kidonge cha mchuzi kwa kawaida huwa karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambayo ni chini kidogo ya kijiko cha chai. Mpishi anayetia kidonge, kisha akaongeza chumvi yake ya kawaida, amemlisha mtoto kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Kuna njia rahisi ya kujilinda: viambato huandikwa kwenye pakiti kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Chumvi ikitajwa ya kwanza, ulichonunua ni chumvi ya bei ghali. Sisemi pakiti ni sumu, wala siungi mkono uvumi unaotisha watu juu ya kila kiungo chenye jina geni. Nasema inauza kwa bei kubwa kitu ambacho Same inacho kwa wingi.

Kitu hicho ni tangawizi. Ukanda wa Mamba Miamba, Same Mashariki, umejulikana kwa zao hilo kiasi cha wakulima wake wa ushirika kuwa na kiwanda cha kulichakata. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zingibaini, ambacho hukata protini za nyama, kolajeni ikiwemo. Hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapopata joto la karibu nyuzi 60, na huharibika joto likizidi sana hapo. Kwa hiyo tangawizi mbichi iliyopondwa na kupakwa kuku nusu saa kabla ya kupikwa inalainisha pamoja na kukoleza, na kwa kuku chotara au wa kienyeji mdogo msaada huo ni dhahiri. Tangawizi ya chupa imekwisha kupashwa moto kiwandani ili isioze, na ya unga imekaushwa. Harufu imebaki, uwezo wa kulainisha umepungua au umekwisha. Yaani katika hili, bidhaa ya dukani imeondoa kazi yenye faida ili kuokoa ile tu ambayo mpishi angeifanya kwa dakika tatu kwenye kinu kidogo.

Nyanya ni habari tofauti, na hapa natofautiana na wanaodhani kila cha kopo ni duni. Nyanya ya kopo ni nyanya iliyopunguzwa maji, na kupunguza maji ndiko kunakomweka mpishi jikoni akikoroga dakika 20. Laikopini, ile rangi nyekundu yenye manufaa mwilini, hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikiwa imesagwa, imepikwa, na imekutana na mafuta. Viwanda vya Arusha na Iringa vinatengeneza bidhaa hizi kwa nyanya ya wakulima wetu, na bei yake haipandi ghafla msimu unapokatika. Basi mlo wa jioni unaweza kwenda hivi. Kuku akatwe vipande vidogo kuliko ilivyozoeleka, maana kipande kidogo huiva upesi, apakwe tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Kitunguu kikaangwe, vijiko viwili vya nyanya ya kopo vikolee kwenye mafuta, kuku aingie, kisha njegere zilizomenywa na kikombe cha maji. Tatizo la nyumba nyingi ni jiko kuwa moja: mchuzi na wali haviwezi kuiva pamoja. Penye jiko la pili, wali wa mchele wa Ndungu utakuwa tayari kabla ya mchuzi. Penye jiko moja, chapati za kununua kwa jirani ni fedha iliyotumika vema kuliko zote nilizozitaja. Na penye maharage yaliyochemshwa au makande ya mchana, nusu kuku hutosha watu sita, kwa kuwa maharage yameubeba mlo na kuku ameuongezea utamu.

Je, kuku aliyekwisha kukaangwa kibandani? Njia ya mkato hiyo ndiyo fupi kuliko zote, na naiweka katikati. Mafuta yanayotumika siku baada ya siku hadi kuwa meusi hayafai, na nyama iliyopikwa isikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida bila kupashwa, sembuse joto la Same. Lakini kuku aliyechomwa mbele ya macho yako, akachambuliwa nyumbani na kuchanganywa na mboga na wali, hulisha watoto wanne badala ya mmoja kula paja na chipsi peke yake.

Linabaki pingamizi zito, kwamba mambo haya ni uvivu na yanaua mila. Mila ya Upare inatoa jibu tofauti. Makande yenyewe yalirahisishwa siku mashine ya kukoboa ilipochukua nafasi ya kinu, na hakuna anayeyaita ya kizungu. Waadventista Wasabato, ambao kanisa lao lilianza kazi yake nchini katika milima hiihii mwaka 1903, huandaa siku ya Ijumaa chakula cha Sabato, na mke anayepasha kitoweo cha jana hahesabiwi mvivu. Kupika kabla kwa utaratibu ni jambo la hapa. Upo pia upande wa kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na Msitu wa Chome, wenye hekta zaidi ya 14,000 kuzunguka kilele cha Shengena, ndio chanzo cha vijito vingi vya Same. Sufuria moja ya maharage ya watu 40 inakula kuni chache kuliko sufuria kumi za watu wannewanne.

Hapo naona kazi ambayo bado haijapata mwenyewe vijijini. Gonja au Mbaga friza ya kuku wa kisasa ni adimu, na kuku wa pale ni wa kienyeji au chotara. Mwenye duka anayetaka kuuza kitu chenye maana awe na presha kuka kubwa, achemshe kuku na maharage mchana, auze kwa kikombe na kwa kipande jioni vikiwa bado vya moto, pamoja na supu yake. Tangawizi kila nyumba itatia ya kwake. Sehemu ya tatu, juma lijalo, itapiga hesabu ya gharama za mtaji huo.