Mmweko au Mlipuko? Istilahi za Miale ya Gama Itokayo Angani

Mfasiri anapokutana na dhana ya sayansi ambayo haijapata jina katika Kiswahili, huwa na haraka ya kutafuta neno, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini neno likitangulia maarifa, huenda likatoa hukumu juu ya jambo ambalo wataalamu wenyewe wangali wakilijadili. Katika makala haya twakusudia kuionyesha hatari hiyo kwa mfano mmoja wa elimu ya nyota, nao ni miale ya gama ambayo hufika ghafula kutoka mbali angani, hudumu kitambo kidogo, kisha hutoweka.

Miale hiyo iligunduliwa kwa bahati. Marekani ilirusha setilaiti za Vela ili kuchunguza kama mkataba wa mwaka 1963, uliopiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia hewani, majini na angani, ulikuwa ukivunjwa. Tarehe 2 Julai, 1967 vyombo hivyo viliandikisha miale ya gama isiyofanana na ile ya bomu. Mwaka 1973 Ray Klebesadel na wenzake walitangaza kwamba miale ya namna hiyo haikutoka duniani wala kwenye jua.

Je, tukio hilo tuliiteje? Wengi huandika "mlipuko wa gama". Neno hili lina kasoro, kwa kuwa mlipuko ni chanzo, hali kilichoonekana ni matokeo. Leo yajulikana kwamba matukio mengi yanayozidi sekunde 2 hutokana na kuporomoka kwa kiini cha nyota kubwa. Yale mafupi zaidi, angalau baadhi yake, hutokana na nyota mbili za nyutroni kuungana, kama ilivyodhihirika tarehe 17 Agosti, 2017, miale ilipofika sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano. Kuporomoka na kuungana ni mambo mawili mbalimbali, na neno "mlipuko" huyafunika yote mawili kwa sura ya bomu. Kwa hiyo twapendekeza "mmweko", wingi "mimweko". Radi ipigapo usiku, jicho huona mmweko kabla mtu hajauliza umetoka wapi. Neno hili lataja kilichoonekana, na chanzo laachia uchunguzi.

Istilahi ya pili ni "spektra". Wako wanaopendelea "wigo", lakini wigo hutueleza tu jambo linaanzia wapi na kuishia wapi. Spektra hueleza zaidi ya hayo: katika kila kiwango cha nishati, ni kiasi gani cha mnururisho kilichopokewa. Mwaka 1993 David Band na wenzake walionyesha kwamba spektra za mimweko mingi zaweza kuelezwa kwa miteremko miwili iliyounganishwa kwa mpindo laini. Mchoro wa nishati inayotolewa hupanda, hufikia kilele, kisha hushuka. Mara nyingi kilele hicho huwa kwenye elektronivolti laki kadhaa, ambapo nuru tuionayo kwa macho ni elektronivolti 2 au 3 tu.

Hapa yafaa tahadhari. "Nishati ya kilele" si nishati ya juu kabisa. Ni mahali ambapo mnururisho ni mwingi kuliko kwingineko, na baada yake fotoni zenye nishati kubwa zaidi zingalipo. Mmweko wa tarehe 9 Oktoba, 2022 ulileta fotoni zilizozidi elektronivolti trilioni 10, zikapokewa na kituo cha LHAASO huko China. Mwalimu asipotofautisha mambo hayo, mwanafunzi atadhani kwamba kilele ni mwisho wa safari.

Sasa tuje kwenye namna miale inavyozalishwa. Chuma cha mhunzi kikipata moto huwa chekundu, halafu hukaribia weupe. Rangi yake hutujulisha joto lake. Huo ni mnururisho wa kijoto. Spektra za mimweko mingi ni pana mno kuweza kutokana na joto moja, ndiyo maana huitwa "mnururisho usio wa kijoto". Mfasiri asiyelijua hili aweza kuandika "mnururisho wa baridi", na hilo litakuwa kosa kubwa, maana kinachokanushwa ni namna ya kuzalishwa tu.

Namna moja isiyo ya kijoto ni "mnururisho wa sinkrotroni": elektroni zenye kasi inayokaribia ile ya nuru huzungushwa na uga wa sumaku, zikatoa nishati njiani. Nyingine ni "mtawanyo kinyume wa Compton", ambapo elektroni yenye kasi huigonga fotoni dhaifu na kuiongezea nishati. Kwa kawaida mmweko hufuatwa na mng'ao wa baadaye. Mng'ao huo ulionekana mara ya kwanza tarehe 28 Februari, 1997 kwa setilaiti ya BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, ambayo kituo chake cha kupokelea habari kilikuwa Malindi, Kenya. Kuhusu mng'ao huo, wengi hukubali kwamba sinkrotroni ndiyo asili yake kubwa.

Kuhusu mmweko wenyewe, mjadala haujaisha. Mwaka 1998 Robert Preece na wenzake walionyesha kwamba katika mimweko kadhaa, mteremko wa upande wa nishati ndogo huvuka mpaka unaoruhusiwa na nadharia ya kawaida ya sinkrotroni. Mpaka huo wataalamu huuita kwa utani "mstari wa mauti". Tena mmweko wa tarehe 2 Septemba, 2009, uliopimwa kwa setilaiti ya Fermi, ulikuwa na sehemu kubwa inayofanana na mnururisho wa kijoto.

Basi mfasiri atakayeandika "mmweko wa sinkrotroni" kana kwamba ndilo jina la tukio lenyewe, atakuwa ameikata kesi ambayo mahakama ingali ikiisikiliza. Ushauri wetu ni huu: tukio liitwe kwa kile kinachoonekana, spektra iitwe kwa kile inachopima, na jina la namna ya kuzalishwa litumike pale tu linapoelezwa kuwa ni nadharia. Istilahi iliyo wazi humwachia msomaji nafasi ya kujifunza. Iliyoharakishwa humfundisha kosa ambalo mwalimu atapata taabu kuling'oa. Twawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao.